Anayeandika Husimama

Hivi karibuni mtoto wa mdogo wangu wa kike aliniuliza kwa nini mtandaoni natumia jina langu kamili na picha yangu halisi, tena yenye miwani. "Mama mkubwa, watakutukana," aliniambia. "Jiite jina la ua, au la ndege, kama wenzako." Nilikuwa nimeandika maneno machache kuhusu maji ya mtaa wetu hapa Iringa, na kweli, kabla ya adhuhuri walikuwa wamejitokeza wa kunipongeza na wa kuniambia nikae jikoni. Nikamjibu kwamba nimezoea. Hakuelewa nimezoea wapi, maana anajua simu hii nimeipata uzeeni. Nikaanza kumweleza, na kwa kuwa maelezo yalikuwa marefu kuliko subira yake, nayaandika hapa.

Katika miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu, upande wa Rujewa. Nilikuwa msichana wa mjini. Baba yangu aliuza vitambaa Iringa, na babu yake alitoka pwani, kwa hiyo kwetu tuliamka na Kiswahili na kulala nacho. Kijijini nilikuta watu waliokivaa Kiswahili kama nguo ya mkutanoni: wakifika nyumbani walikivua, wakaongea Kisangu, Kihehe, Kibena au Kisukuma. Wanafunzi wangu karibu wote walinizidi umri. Waliniita mwalimu, nami niliwaamkia shikamoo kwanza, kisha nikawafundisha.

Tatizo letu halikuwa kujifunza kusoma. Watu walijifunza. Tatizo lilikuwa kwamba ukishajua, kijijini hapakuwa na cha kusoma. Jicho lisilokutana na maandishi husahau upesi, na maandishi yaliyokuwapo ni yale ya kwenye mfuko wa mbolea na pakiti ya majani ya chai. Ndiyo maana katika mafunzo yetu pale Mbeya tulielekezwa kuanzisha gazeti la ukutani. Nieleze lilivyokuwa, kwa sababu wengi wa leo hawajaliona. Unachukua mifuko ya saruji iliyokwisha, unaichana, unakung'uta vumbi, unapata karatasi ngumu za kahawia. Wanafunzi wanaandika habari kwa herufi kubwa, kila mtu karatasi yake. Unapika uji mzito wa unga, unazibandika nao ukutani mahali watu wanapopita. Sisi tulitumia ukuta wa duka la ushirika.

Toleo la kwanza lililiwa na mbuzi. Uji wetu ulikuwa mtamu mno. Asubuhi tulikuta mbuzi wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanalamba habari za mbegu za mpunga. Wanafunzi wakacheka, nami nikataka kulia. Tukahamisha karatasi juu zaidi, mbuzi wasikofika.

Toleo la pili lilileta matata makubwa kuliko mbuzi. Mtu mmoja, hatukumjua, alibandika karatasi isiyo na jina kuhusu ndoa ya jirani yake. Yaliyofuata sitayasimulia yote, ila kulikuwa na kilio, na mtungi wa watu ulivunjwa. Darasa zima tulikaa tukajadili. Wapo waliotaka gazeti lifutwe. Mwisho tukakubaliana sheria moja, na kila mtu akaikariri kwa kuwa ilikuwa fupi: anayeandika husimama. Maana yake, hakuna karatasi bila jina, na siku ya gulio mwandishi atasimama kando ya karatasi yake, aisome kwa sauti, wasiojua kusoma nao wasikie. Mwenye swali atauliza, ajibiwe palepale. Kisha kila mtu anakwenda kununua samaki wake.

Kwa miezi kadhaa sheria hiyo haikumchoma mtu. Wanafunzi walisimama kutangaza kwamba mchwa wameingia ghalani, au kwamba jogoo fulani amepotea na ana upanga uliolala upande wa kushoto. Nilifurahi, lakini moyoni nilijua bado hatujaijaribu.

Aliyeijaribu alikuwa mama mmoja aliyekaa siku zote kwenye gogo la mwisho, karibu na mlango, ili asikie ng'ombe wake wakirudi. Familia yake ilitoka kaskazini, Usukumani, ikashuka na mifugo hadi Usangu kutafuta majani. Hawakuwa wamemaliza mwaka kijijini. Walikuwa wamepewa mahali pa kujenga kwa muda, na halmashauri ya kijiji ilikuwa haijaamua kama wabaki au waendelee mbele. Mumewe alikuwa mpole wa maneno. Mama mwenyewe alijifunza herufi kwa haraka ya ajabu, akiandika kwa kijiti kwenye vumbi huku akikamua.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Ng'ombe wa kijiji walikunywa mtoni, na njia yao fupi ilipita ukingoni mwa mfereji wetu wa umwagiliaji. Baada ya mavuno, katibu wa kijiji alilima bustani ya vitunguu pale pale ukingoni, akaizungushia miiba. Njia ikafa. Ng'ombe wakawa wanazunguka mbali, wanapitia kivukoni, wakirudi wana kiu ileile waliyoondoka nayo. Ndama hawakuweza mwendo ule. Wa yule mama walianza kulala chini na kukataa kuinuka, na maziwa aliyowanywesha watoto wake yakapungua hadi yakawa ya kulowanisha kibuyu tu.

Alasiri moja akaniomba karatasi na ile kalamu nene ya wino niliyopewa Mbeya. Akaandika ulimi ukiwa umetoka nje kidogo, kama wanavyofanya wote wanaoanza:

KATIBU AMEIBA NJIA YA NG'OMBE. AMEWEKA MIIBA. NDAMA WANALALA KWA KIU. TUNAOMBA NJIA.

Chini akaweka jina lake na la baba yake. Nilimuuliza kama anakumbuka sheria yetu.

"Naikumbuka, mwalimu."

"Katibu naye atakuwepo gulioni."

"Ndiyo namtaka huyo. Karatasi anaisoma peke yake, ataikunja. Mimi hawezi kunikunja."

Tukaibandika. Katibu aliiona siku ileile, akaja darasani wanafunzi wakiwa wamekwisha kutawanyika. Sitaki msomaji amwone kama jitu baya. Alikuwa mchapakazi, na ndiye aliyetupigania tupate banda la kusomea.

"Mwalimu, binti yangu," akaanza kwa sauti ya chini, "mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo, ndugu katibu."

"Ukuta wako umesema. Ondoa ile karatasi kabla ya gulio. Ukiiondoa wewe, yameisha. Isipoondoka, nitaandika taarifa Mbeya juu ya kazi yako. Na hao wageni, halmashauri haijawaamulia bado. Wajue hilo."

Nikamwambia kwamba karatasi si yangu, na kwamba nitamfikishia mwenyewe kila neno alilosema. Nilikwenda jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nimempa mama yangu ahadi nitafanya kazi miaka mingi nisiwe mzigo nyumbani, na sasa niliiona safari ya kurudi Iringa na sanduku langu kichwani. Lakini mimi nilikuwa na Iringa ya kurudi. Wao walikuwa na nini?

Nilimkuta ananyunyizia maji mdomoni mwa ndama. Nikamweleza yote bila kupunguza: kwamba wanaweza kuambiwa waondoke, kwamba anaweza kuitoa karatasi sasa hivi na hakuna atakayemcheka. Sikumshauri. Nilidhani kazi yangu ni kumweka mbele ya mlango na kumwonyesha kilichoko ndani, aingie au asiingie mwenyewe.

Mumewe, aliyekuwa anasuka kamba, akasema, "Sisi tumezoea kuhama."

"Wewe umezoea," akamjibu. "Huyu ndama hajazoea." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, nikisema, wanaweza kutufukuza. Nisiposema, ng'ombe inakufa, halafu tunaondoka hivyohivyo, tunaenda na ngozi. Sasa mimi nachagua nini hapo?"

"Utaweza kusimama mbele ya watu wote wale?"

"Kusimama naweza. Kusoma ndiyo natetemeka. Ile herufi ya ng' inanisumbua." Akacheka, na mimi nikacheka naye, ingawa sikuwa na raha. Tukakaa pale mpaka giza lilipoingia, tunafanya mazoezi ya sentensi nne.

Hapa nisimame kidogo nieleze jambo, kwa ajili ya vijana. Uhuru wa kusema wakati mwingine hufikiriwa kama shamba lisilo na mwenyewe: unaingia, unatupa mawe, unatoka. Simu imefanya jambo hilo kuwa rahisi, kwa sababu uso hauonekani. Mimi nilijifunza aina nyingine ya uhuru. Mama yule alikuwa huru kwa sababu alikwisha kuiangalia gharama ya jambo lake, akasema nitaubeba mzigo wake. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumtisha kwa kitu asichokijua.

Siku ya gulio ukuta wa duka ulizungukwa. Waliokuja kuuza samaki wakawabebesha wenzao vikapu ili wasogee. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na kiti chake. Katibu alisimama pembeni akiwa amevaa shati lake la mkutano. Mama akapita mbele na mtoto mgongoni, akaanza kusoma, kidole kikifuata herufi.

"Sauti!" akapaza mtu. "Soma hata ng'ombe wasikie!"

"Wakisikia watakuja," mama akamjibu bila kugeuka, "na hawana pa kupita."

Watu wakacheka. Akaanza upya, akasoma sentensi zote nne. Ile ng' ilimkwama kidogo, akaivuta mpaka ikatoka.

Katibu akaomba nafasi. "Ndugu mwenyekiti, mimi eneo lile nilipewa. Nilipewa na halmashauri, masika, kwenye kikao. Wewe ulikuwepo. Sikuiba hata upana wa unyayo. Wakati ule njia ile ilikuwa majani tu, ng'ombe wote walikuwa milimani."

Mwenyekiti akaitika kwa kichwa. "Ni kweli. Tulimpa."

Wote wakamgeukia mama. Nikaona usoni mwake kwamba jambo hilo ni jipya kwake. Baadaye alinieleza vizuri, na ni haki nieleze na mimi. Kwao, mavuno yakishatoka, shamba linakuwa la ng'ombe wote. Hakuna anayezungushia miiba ardhi iliyovunwa. Anayefanya hivyo amejitwalia cha watu, na jina lake linajulikana. Hakuwahi kuishi mahali penye mfereji, ambapo ardhi hailali hata kiangazi. Alipoona miiba baada ya mavuno, aliona wizi, kama ambavyo mimi ningeona wizi nikimkuta mtu usiku kwenye duka la baba.

"Ulipewa na kikao?" akamuuliza katibu.

"Kikao."

"Si wewe mwenyewe?"

"Mama, nimesema. Na mwenyekiti amesema."

Akanyoosha mkono kwangu bila kuniangalia. Nikampa kalamu. Mbele ya kijiji kizima akaikata sentensi ya kwanza kwa mstari mnene, kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu kabisa.

"Hiyo nilikosea," akasema. "Ndugu katibu, wewe si mwizi. Nisamehe kwa hilo."

Minong'ono ikaanza. Wengine walidhani yamekwisha, na mwuza samaki mmoja alikwisha kuchukua kikapu chake. Lakini mama hakuondoka. Akaweka kidole kwenye sentensi ya pili.

"Hii sijakosea. Miiba ipo. Na hii, ndama wanalala, twende mkaone. Na hii ya mwisho ni ombi. Ombi linaweza kuwa uongo?"

"Anatoa moja, anaacha tatu!" akasema mzee mmoja wa Kisangu kwa sauti ya furaha. "Huyu amesoma kweli."

"Mimi je?" mama mwingine akadakia kutoka nyuma. "Mbuzi zangu nazo zinazunguka kivukoni. Nilikuwa naogopa kusema."

"Andika basi!"

"Niandike na nini, mimi bado niko kwenye herufi ya pili!"

Mwenyekiti akanyanyua mkono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akayatoa kama anayepima chumvi. Kwanza, kumwita mtu mwizi hadharani bila kuuliza ni kosa kijijini, awe mgeni au mwenyeji, na adhabu yake ni kuzibua mfereji wa pamoja mpaka gulio lijalo. Pili, halmashauri itakwenda kesho kuitembea njia. Hakusema chochote kuhusu kuwafukuza. Mume wa yule mama, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya nguzo, alitoka akaonekana.

"Umekubali adhabu?" mwenyekiti akamuuliza mama.

"Nimekubali. Jembe lipo."

Siku zilizofuata nilimwona kila asubuhi ndani ya mfereji, tope hadi magotini, mtoto amelazwa kivulini. Hakuinamisha uso. Wanawake wa darasani waliopita walimtania: "Mwandishi, habari za huko chini?" naye akajibu, "Habari ni tope, nitaibandika." Siku ya pili mmoja wao alishuka akamsaidia, akisema alikuwa amechoka kukaa. Mimi nami niliitwa Mbeya, kwa kuwa katibu alikwisha kutuma taarifa yake kabla ya gulio. Nilikaripiwa kidogo, kwa haki, kwamba nilipaswa kuwafundisha wanafunzi tofauti ya kulalamika na kushtaki. Nikaahidi nitawafundisha. Nimekuwa nikiwafundisha watu tofauti hiyo tangu siku ile, mpaka na huko mtandaoni, kwa wale wanaonivumilia. Halafu afisa akaniuliza kama mifuko ya saruji inatutosha, akanipa mingine.

Halmashauri iliitembea njia. Walipima kwa hatua, wakabishana, wakakaa chini, wakasimama tena. Mwisho miiba ilirudishwa nyuma upande mmoja, na katibu akaahidiwa kipande kingine juu ya mfereji msimu ujao. Vitunguu vilivyobaki aliruhusiwa kuving'oa kwa wakati wake, ila ng'ombe wapite katikati kwa mstari, wakiongozwa.

Ng'ombe, kama mjuavyo, hawajui mstari. Siku ya kwanza walipopita nilikuwepo. Ndama walikuwa mbele, wamekonda, lakini masikio yamesimama kwa harufu ya maji. Mama alikuwa anawasukuma kwa fimbo na kwa maneno ya Kisukuma, na katibu alikuwa amesimama juu ya tuta lake la vitunguu, mikono ameinyoosha pande zote kama anayezuia mafuriko. "Huyo mwekundu! Mshike huyo mwekundu!" Hakushikika. Alipita juu ya tuta zima kwa utulivu, akashuka mtoni, akanywa.

Juma lile ulipofika wakati wa kubandika karatasi mpya, katibu alikuja darasani mwenyewe. Hakuomba ruhusa. Alichukua kalamu, akaketi kwenye gogo la mwisho karibu na mlango, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini kwamba ng'ombe mmoja mwekundu amekanyaga vitunguu vyake, na kwamba mwenye ng'ombe anaombwa aje waongee. Chini akaweka jina lake lote.

Siku ya gulio alikuja mapema, katika shati la kazi, akasimama kando ya karatasi yake. Mama alikuwa amefika kabla yake na kibuyu cha maziwa mkononi. Watu wakajisogeza, wengine tayari wanacheka.

"Sauti, ndugu katibu!" mama akamwambia.

Katibu akasafisha koo, akaanza kusoma.